Mzigo Usiojaza Behewa

Historia ya usafirishaji wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi na watu wa reli. Ndiyo maana vitabu vimejaa madaraja, simba wa Tsavo na tani za pamba, na ni nadra kukuta ukurasa mmoja kuhusu mabati ya fundi wa Singida, magunia manne ya dagaa wa Mwanza, au katoni ya spea inayosubiriwa Kitale kabla jua halijazama. Mzigo wa namna hiyo ni mzito mno kwa kichwa cha mtu na mdogo mno kwa behewa. Siku hizi hubebwa na Canter, na Fuso, na Hiace iliyong'olewa viti, na Kirikuu inayopenya vichochoro vya Kariakoo. Lakini mzigo wenyewe ni wa zamani kuliko injini. Kila zama wakubwa walijenga chombo kikubwa wakidhani huu mdogo utafuata nyuma. Kila zama ulikataa, ukatafuta mtu wa kuubeba, na mtu huyo akabebeshwa na hasara za njiani.

Frasila mbili: kabla ya 1890

Katika karne ya 19 bei ya kila kitu kilichouzwa Tabora au Ujiji ilianzia kwenye mabega. Punda na ng'ombe wa kukokota walijaribiwa, ndorobo wakawamaliza. Ikabaki miguu ya watu, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwao kijana asiyewahi kufika pwani alihesabiwa bado hajakua. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka, chungu na chakula cha mbebaji mwenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni karibu kilomita 800, na msafara ulikaa njiani miezi miwili au mitatu.

Wapagazi hao wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira. Walikuwa na kiongozi wa kutangulia, wanyampara wa kusimamia, posho ya kila siku, na walijua kugoma posho ikipunjwa. Vifurushi vilifungwa kwa kufuata umbo la mwili: majora ya merikani yalibanwa yawe marefu na membamba yakae begani, nyaya za shaba zikaning'inizwa kwenye mti kama mzega, na pembe kubwa ya ndovu ikapewa mtu mwenye nguvu kuliko wenzake. Mfanyabiashara mwenye mizigo mitano alijiunga na msafara wa mwenye mia tano, wakasaidiana kulipa hongo kwa watemi wa njiani. Kwa hiyo mzigo mdogo ulikuwa na nafasi. Haukumsubiri mtu ajaze kitu chochote, kwa kuwa kila bega lilikuwa chombo kamili.

Kasoro yake ilikuwa kalenda. Wanyamwezi walipenda kutoka baada ya mavuno na kurejea kabla ya kupanda, na tajiri wa pwani aliyechelewa kuajiri alikaa na bidhaa zake hadi msimu mwingine. Kasoro ya pili haikumgusa tajiri. Mpagazi aliyeshikwa na ndui porini aliachwa hapo alipoangukia, na frasila zake mbili zikagawanywa kwa wenzake.

Behewa halimngoji mtu: 1893–1918

Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Waingereza wakaanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Reli ya kati ilitoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Katika muda wa miaka ishirini hivi njia kuu za misafara zikafa. Hakuna mpagazi angeweza kushindana na gari moshi kwa bei ya kubeba pamba, katani au kahawa.

Ila reli ilishusha mzigo stesheni, ikaishia hapo. Kutoka stesheni hadi gulioni, hadi misheni, hadi dukani, kulikuwa na mwendo wa siku moja au siku kumi, na huko mpagazi aliendelea na kazi yake bila kuandikwa na mtu. Tena stesheni ilikuwa na ratiba, karani, fomu na bei iliyopangwa kwa behewa zima. Mwenye magunia matatu alisubiri wenzake wapatikane.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoonyesha ukubwa wa pengo hilo. Majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakimfukuza kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck yaliingiza magari ya Ford na malori mengine, na kwa mara ya kwanza injini ikaonekana katika vijiji ambavyo havijawahi kuona hata baiskeli. Kiangazi yalikwenda. Masika ilipofika, yalizama kwenye tope hadi ekseli, na jeshi likarudi kwenye vichwa vya watu. Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria walikaribia 100,000. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale ambapo leo ni soko la Kariakoo. Ni soko ambalo sasa hupakia mizigo midogo ya nusu ya Tanzania kila asubuhi, na sidhani kama wengi wa wapakiaji wanajua wamesimama juu ya kambi ya nani.

Duka, stesheni na bodi la mbao: 1920–1964

Baada ya vita malori yalikuja kwa amani. Kwanza Ford na Chevrolet za tani moja na zaidi kidogo, kisha, kuanzia miaka ya 1930, Bedford, ambayo kwa vizazi viwili ilikuwa ndiyo sura ya lori mashambani. Mara nyingi gari lilikuja chesisi tupu. Mafundi Masingasinga na maseremala wa Kiafrika waliijengea bodi la mbao, na kila mji ukawa na mtindo wake. Zanzibar wakatengeneza magari ya shamba, yenye paa na mabenchi, yanayobeba watu, ndizi na karafuu kwa pamoja. Bara, abiria mwenye uwezo alikaa mbele na dereva, na asiye nao alikaa juu ya magunia.

Serikali za kikoloni hazikufurahi. Zilikuwa zimekopa fedha nyingi kujenga reli na zilitaka reli ilipe. Ndiyo sababu ya sheria za leseni za miaka ya 1930 zilizobana malori yasishindane na gari moshi kwenye njia zinazokwenda sambamba. Lengo lilikuwa kulilinda behewa. Matokeo yake yalikuwa mengine: lori likasukumwa kwenye safari fupi, kati ya stesheni na vijiji, ambako hakuna ratiba na ambako dereva lazima ajue duka la nani linafunguliwa saa ngapi na daraja gani halipitiki baada ya mvua. Huko ndiko ufundi wa kubeba mzigo mdogo ulikokomaa. Mwenye duka Mhindi alihitaji chumvi, mafuta ya taa, kanga na sukari, kidogokidogo, mara kwa mara. Akipeleka gari kuchukua bidhaa, halikwenda tupu. Lilibeba ngozi, nta na ufuta wa wanakijiji.

Dereva alikuwa na utingo, ambaye Kenya watu humwita taniboi. Ndiye aliyeweka gogo nyuma ya tairi kwenye mlima, akafunga turubai, akalala juu ya mzigo kuulinda, na baada ya miaka kadhaa ya kuosha gari akafundishwa usukani usiku, tajiri asipoona. Hakukuwa na shule nyingine. Vita Kuu ya Pili iliongeza wanafunzi: askari wa jeshi la kikoloni la KAR waliorudi kutoka Burma, baadhi yao wakiwa wamejifunza udereva jeshini, walichanga akiba zao wakanunua malori makuukuu. Wengi walifilisika, kwa kuwa jeshini hawakufundishwa hesabu ya tairi na mkopo. Waliobaki ndio waliokuwa mwanzo wa wasafirishaji wa Kiafrika. Vyama vya ushirika navyo, KNCU ya Kilimanjaro tangu mwaka 1933 na muungano wa vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1955, vikahitaji magari ya kutoa mazao vijijini, na njia za ndani zikazidi kujulikana.

Mapipa kwenda, shaba kurudi: 1965–1976

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilitegemea reli na mafuta yanayopita kwa Smith. Uingereza, Marekani na Kanada zikasomba mapipa ya mafuta kwa ndege, lakini ndege haziwezi kulisha migodi ya shaba milele. Ikabaki barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea, ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika. Waandishi wa Kizungu waliipa jina la jehanamu, na kwa mara moja hawakutia chumvi. Malori yalipanda na mapipa, yakarudi na vipande vya shaba. Mengine hayakurudi. Kitonga, ule mteremko wa kuingia na kutoka nyanda za Iringa, ulijaa mabaki ya vyuma bondeni.

Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na kampuni ya Kitaliano, ziliunda Zambia-Tanzania Road Services, na Fiat kubwa zenye tela zikatawala njia. Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa mwaka 1968. Lami ikatandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1976 TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakabidhiwa. Kwa wanaohesabu tani, kazi iliishia hapo.

Kwa hadithi yetu, ndipo ilipoanza. Fiat hizo hazikuwa za mzigo mdogo, lakini ziliacha nyuma yake barabara ya lami, gereji kila baada ya mji, mama ntilie wanaopika usiku, na kizazi kizima cha madereva na mautingo wanaojua kuteremka Kitonga kwa gia ya chini badala ya kukanyaga breki hadi zitoe moshi. Makambako, Mafinga, Tunduma: miji hiyo ilinenepa kwa lori. Ilipokuja zamu ya magari madogo, walimu walikuwa tayari wako njiani.

Magari juu ya mawe: 1973–1986

Kabla ya zamu hiyo, Tanzania ilijaribu njia ya taifa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya jumla iliingia mikononi mwa mashirika ya umma. Yakaundwa makampuni ya mikoa ya biashara na ya usafirishaji, na KAMATA kwa ajili ya mabasi ya mikoani. Scania zikaunganishwa Kibaha. Kwenye karatasi mpango ulikuwa na mantiki: gari la umma lingekwenda hata kule kusikolipa.

Ukaja mshtuko wa mafuta wa 1973, ukaja mwingine wa 1979, na katikati yake vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikakauka. Gari lililokosa beringi moja liliinuliwa juu ya mawe, kesho yake likang'olewa tairi kuokoa jingine, na baada ya mwaka lilikuwa mifupa. Magari machache yaliyotembea yalikuwa na orodha ya vipaumbele: mazao, unga, mafuta, mbolea. Fundi cherehani aliyetaka jora la kitambaa kutoka Dar hakuwa na fomu ya kujaza. Alilipata kwa dereva aliyeficha jora chini ya magunia ya serikali, kwa bei ya kuficha. Mwaka 1983 serikali iliwageukia walanguzi katika msako wa wahujumu uchumi uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Bidhaa zikatupwa mitoni na vichakani. Msako uliwaogopesha wengi, lakini haukuongeza hata gari moja barabarani.

Kenya ilikwenda kwa mwendo mwingine. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafirishaji, na gari la mtu binafsi likawa chombo halali cha umma. Kampuni ya serikali ya mizigo, Kenatco, ilipata pigo pale Tanzania ilipofunga mpaka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ikakosa njia ya kwenda Zambia. Pengo lake lilijazwa na watu binafsi. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983.

Dar es Salaam nayo ililegeza mwaka 1984. Bajeti ya mwaka huo iliruhusu mwenye fedha za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Kati ya vitu vilivyoshuka bandarini kwa wingi vilikuwa pikapu na malori madogo. Mwinyi alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1985 na kuitwa Mzee Ruksa, mlango ulikuwa umeshafunguliwa nusu.

Usukani wa kulia: 1986–2005

Kwa nini Japani? Jibu la kwanza ni usukani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo gari lao la mtumba linaingia kazini siku hiyohiyo. Jibu la pili ni ukaguzi wao wa magari, ambao ni wa lazima na wa gharama kubwa, na mwenye gari la miaka kadhaa huona nafuu kuliuza kuliko kulitunza. Jibu la tatu ni Ghuba. Katika miaka ya 1990 yadi za Dubai na Sharjah zilijaa magari ya Kijapani, na mfanyabiashara wa Zanzibar au Mombasa aliyekuwa na ndugu huko aliweza kuchagua Canter kwa macho yake, akaijaza tairi na friji ndani ya bodi, akaipakia melini. Baadaye, intaneti ilipoenea, kampuni kama Be Forward ya Tokyo ziliuza moja kwa moja kwa mtu aliyekaa Mbeya.

Mitsubishi Canter ilizaliwa mwaka 1963 na Toyota Hiace mwaka 1967, kwa mahitaji ya vichochoro vya miji ya Japani: fupi, kichwa bapa, injini chini ya makalio ya dereva, zikikata kona mahali ambapo Bedford ingerudi nyuma mara tatu. Injini zao za dizeli za zamani, 4D32 na 4D33 za Canter, 2L na 3L za Hiace, hazikuwa na kompyuta. Fundi wa chini ya mwembe aliweza kuifungua, kuitandaza juu ya gunia na kuirudisha kabla ya magharibi. Kenya, ambako sheria inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, wengi walinunua mpya zilizounganishwa nchini, Canter Mombasa na Isuzu Nairobi. Matajiri wa Tanzania walikubali kulipa ushuru wa uchakavu.

Gari la namna hii lilibadili hesabu yote. Halihitaji tani thelathini ili litoke. Wafanyabiashara watano wa soko moja wakichanga nauli, Canter inaondoka leo. Lakini kuijaza ni elimu. Mzigo wa atakayeshuka mwisho unapakiwa kwanza. Saruji na vinywaji chini, vikisogezwa mbele ya ekseli ya nyuma. Magodoro na ndoo za plastiki juu. Kamba zipite kwa msalaba na turubai libane, kwa sababu upepo wa Makambako hauna adabu. Ikiwa tupu, nyuma inarukaruka na kwenye lami yenye maji hukata kona kwa jeuri yake. Ikiwa imejaa hadi juu ya kichwa, uzito unapanda na gari huyumba kwenye kila tuta. Matajiri wengi huongeza springi ili gari la tani tatu libebe tano. Springi hazilalamiki, breki ndizo zinazolalamika, tena mteremkoni.

Mizani ikaingia katika mahesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hupima magari yanayofikia tani 3.5 na kupanda. Canter iliyoshiba inaingia mizani, Hiace inapita. Hiyo ni sababu mojawapo ya Hiace kung'olewa viti, vioo vya nyuma vikapakwa rangi, ikawa gari la mzigo wa haraka: dawa, spea, nguo, vifaranga. Haichukui kingi, lakini haisimami.

Na mapato? Tajiri hutaka hesabu yake, kwa safari au kwa wiki, na kinachozidi ni cha dereva na utingo. Kwenda kuna nauli ya uhakika. Faida iko kwenye mzigo wa kurudia, na mzigo huo uko mikononi mwa madalali wa stendi za malori wanaokula sehemu yao kabla gari halijawashwa. Bima ya lazima hulipa wengine barabarani, na bima ya mzigo wenyewe ni ya wachache. Gunia likilowa au katoni ikipotea, mteja humdai dereva, na tajiri husimama upande wa mteja. Kisa cha mpagazi na ndui yake kimebadilika nguo tu.

Miraa haisubiri

Hakuna biashara iliyoonyesha thamani ya gari dogo la kasi kama miraa. Inachumwa katika vilima vya Nyambene, inafungwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku mbili hivi haina bei. Kwa hiyo kutoka Maua hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ilijengeka njia ya pikapu za Hilux zinazokimbia taa zikiwaka mchana kweupe, na kila mwenye duka kando ya barabara ya Meru alijua saa ya kuwaita watoto ndani. Kutoka Wilson ndege ndogo ziliipeleka Somalia, na kutoka uwanja mkubwa ilikwenda London na Amsterdam.

Nilivyosikia madereva wa njia hiyo wakieleza, wao hulipwa kwa kufika. Ndege ikiondoka bila mzigo, hasara inamfuata aliyeshika usukani. Watu wamekufa wengi kwa ajili ya hesabu hiyo, na lawama huishia kwenye mguu wa dereva, kana kwamba saa ya ndege ilipangwa na yeye. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na Somalia ikaizuia kati ya 2020 na 2022. Kila zuio liliacha pikapu zimepaki Maua. Dereva hakuwa na mkataba wa kumlinda, maana hakuwahi kuwa na mkataba.

Simu badala ya anwani: tangu 2000

Posta zetu hazikuwa zikimletea mtu kitu nyumbani. Zilimpa sanduku. Barabara nyingi hazikuwa na majina wala nyumba namba, kiasi kwamba Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, karibu na sensa. Kabla ya hapo vifurushi vilikuwa vimeshajitafutia njia: buti la basi. Ofisi ndogo stendi ya Ubungo, karani, kalamu ya wino mzito, stakabadhi, jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya katoni. Simu za mkononi zilipoenea ndizo zikawa anwani. Ujumbe unajulikana kwa kila mtu: shangazi, mzigo nimempa dereva, namba ya gari ni hii, saa kumi na mbili uwe stendi. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ikamaliza kazi ya malipo.

Kampuni za kimataifa zilibeba nyaraka na vitu vya thamani, na Kenya kampuni za ulinzi zilizokuwa zikisafirisha fedha za benki ziliongeza vifurushi kwenye magari yao ya usiku. Lakini umma ulibaki na mabasi na sacco za matatu. Hatimaye TCRA nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya zikasema wazi kwamba anayepokea kifurushi kwa malipo ni msafirishaji wa vifurushi, basi na akate leseni. Baadhi walikata. Wengine wameendelea kumpa dereva mkononi.

Vijana wa programu za simu nao waliingia. Sendy ya Nairobi, iliyounganisha wenye mizigo na wenye pikapu, vani na malori, ilikusanya dola milioni 20 mwaka 2020. Mwaka 2023 ikaingia kwenye ufilisi. Jumia, duka la mtandaoni, ilikuwa imeondoka Tanzania tangu 2019. Nadhani walikisia vibaya mahali penye ugumu. Kumpata dereva hakukuwa tatizo. Kila stendi ina madalali kumi. Ugumu ni barabara ya mwisho yenye mashimo, mteja asiyepokea simu, na mzigo wa kurudia. Programu haikuwa na dawa ya hayo, na kamisheni yake ilikatwa kwenye ile sehemu ya dereva iliyokuwa nyembamba tangu mwanzo.

Wembamba huo una matokeo yake barabarani. Salgaa, kwenye mteremko wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, madereva wa malori wamelaumiwa miaka mingi kwa kutia nyutro ili gari lishuke bila kula mafuta, na mafuta yaliyookolewa yauzwe kijijini. Breki zikichoka hakuna gia ya kulishika gari. Mkesha wa mwaka mpya wa 2018 basi na lori viligongana karibu na hapo, watu 36 wakafa. Barabara imewekewa kizuizi cha kati. Malipo ya dereva hayakuguswa.

Reli tena: 2017 na kuendelea

Treni ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka uliofuata. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliagiza makontena yote ya bara yapande treni. Mombasa iliandamana, na Mariakani hadi Mtito Andei vibanda vya chakula vikakosa wateja, hadi agizo likasitishwa. Waliopiga kelele walikuwa wenye malori makubwa, na walikuwa na haki. Wenye Canter hawakuandamana. Kontena likifika Embakasi lazima lifunguliwe, na ndani yake mna marobota ya wafanyabiashara wengi wa Gikomba, Kamukunji na Eastleigh, kila mmoja na lake, kila mmoja akitaka dukani kwake leo. Treni haiendi Gikomba.

Tanzania ilizindua treni yake ya umeme mwaka 2024, kwanza hadi Morogoro kisha Dodoma. Mwaka mmoja kabla, mabasi yalikuwa yameruhusiwa tena kutembea usiku baada ya marufuku ya karibu miongo mitatu, na vifurushi vya Kariakoo vinavyopakiwa jioni sasa vinafika Mwanza siku ya pili bila kulala njiani. Pale stendi, Kirikuu na guta ndizo zinazovipokea na kuvigawa mitaani. Nauli ya kipande hicho cha mwisho hupatanwa papo hapo, mzigo ukiwa bado chini, na muda ambao mwenye gari amesubiri basi lililochelewa hauingii kwenye bei.